Wino mmoja, kalamu mbali mbali, na daftari la karafuu

Watu wakijua kama naandika kwa kalamu ya wino swali la mwanzo huwa lile lile, wino gani mzuri? Na mie siku hizi nawarudishia maswali, unayo kalamu gani, unaandikia karatasi gani, na mkono wako unakwenda kulia au kushoto. Wengine wanaona nawazungusha tu. Siwazungushi wallahi, mana chupa moja nlonayo hapa nyumbani Wete nshaitia kwenye kalamu mbali mbali na kila moja ikanitolea kitu chengine, moja imetoa buluu iliyopauka hata macho yanauma kusoma, moja nyeusi ya kutisha, moja nzuri asubuhi mbaya jioni, yani ukizikata zile karatasi ukampa mtu asiyejua atakwambia hizi zimetoka chupa tofauti kabisa.

Chupa yenyewe ni Pelikan 4001 ya buluu-nyeusi, ya Kijerumani, kaniletea binamu yangu wa Maskati alipokuja harusini. Huku Pemba duka la kuuza wino wa chupa mie sijaliona, maduka ya vifaa vya skuli yamejaa biro na maka peni, ukiulizia wino wanakutolea wa printa au wa mhuri, na huo wa mhuri nakuomba sana usiutie kwenye kalamu yako, umetengenezwa usikauke kwenye kitambaa cha mhuri, sasa ukiingia kwenye mifereji myembamba ya kalamu kuutoa ni kazi.

Kwa nini nimeagiza buluu-nyeusi na sio rangi za mapambo? Kazi. Mchana nasomesha, na msimu wa karafuu ukiingia mie ndo karani wa shamba la familia. Jioni wachumaji wanarudi na mapolo, karafuu mbichi zinapimwa kwa pishi, kila mchumaji jina lake na pishi zake zinaandikwa na malipo yanafata daftari. Sasa lifikirie hilo daftari, linafunguliwa nje, mvua ya vuli inaanguka wakati wowote inaotaka, watu wameliinamia na jasho lao, mikono yote ina mafuta ya karafuu. Ukiwa umeandika kwa ile buluu ya kufutika, tone moja likiangukia kwenye 7 hujui tena ile ni 7 au 1, na hapo ugomvi wake hauishi leo. Biro ingefaa, najua, kaka yangu ananiambia kila msimu. Lakini biro lazima uikandamize, na ukiandika majina ya watu wengi mfululizo huku umeegemea polo badala ya meza, kiganja kinakwambia.

Wino huu ndani yake mna chuma. Ni jamaa wa ule wino wa zamani uliotokana na vinundu vya mti wa mwaloni, vile vinavyoota pale nyigu mdogo anapotaga mayai yake, wakavitoa tanini, ule ukakasi wake, wakaichanganya na chumvi ya chuma. Ulaya wameandikia hati zao kwa karne nyingi, na Uingereza vitabu vya kusajilia ndoa viliandikwa kwa wino wa ukoo huo. Ukiandika unatoka buluu, ile buluu ni rangi iliyotiwa makusudi uone unachoandika, halafu chuma kinakutana na hewa kidogo kidogo kinageuka cheusi na kushikana na nyuzi za karatasi. Maji yakija yanaondoka na buluu, ule weusi unabaki. Kwa hivyo wino wa namna hii usiuhukumu siku ile ile, ulale, asubuhi ndo uangalie. Mie nlikuwa naziweka karatasi zangu juu ya kabati naziangalia tena kila baada ya siku kadhaa, na mke wangu anauliza hizi takataka tunazitupa lini.

Kalamu sasa. Ya kwanza ni Hero 616 ya marehemu babu mzaa mama, ya Kichina, bidhaa za China ziliingia sana kwetu baada ya Mapinduzi ya 1964 na babu kalamu yake haikutoka mfuko wa shati mpaka anafariki. Umbo lake limefata Parker 51 iliyotoka 1941, nibu, yani kile kibati cha chuma kinachoandika, imefichwa ndani ya kava, inachungulia ncha tu, na inajazwa kwa kuminya kifuko. Ya pili Pilot Metropolitan yenye nibu nyembamba, na jua kwamba nyembamba ya Kijapani na nyembamba ya Kijerumani si nyembamba moja, ya Kijapani inachora mstari mwembamba zaidi. Ya tatu Lamy Safari, ile ya plastiki yenye klipu ya waya mnene, muundo wake wa tangu 1980, nibu ya kati. Ya nne peni nene nzito isiyo na jina la maana, nibu yake imekatwa bapa, nliinunua kwa sababu ya urembo. Na mwisho utete wa kuandikia wa Maalim jirani yetu, huo ntaufikia.

Kabla sijaendelea, kwa asiyejua, kalamu ya wino haina injini. Chini ya nibu mna ulimi mweusi wenye mifereji, wino unashuka kwenye mfereji na hewa inapanda kushika nafasi yake, hilo la kupishana wino na hewa ndo Lewis Waterman wa Marekani alilopatia hataza, yani haki ya mvumbuzi, 1884 na kalamu zikaanza kuaminika. Mwisho wake kuna ule mpasuo wa nibu, wino unajivuta wenyewe penye upenyo, karatasi inaupokea. Basi. Kwa hivyo kalamu yenye mifereji mipana na mpasuo uliolegea inamwaga, tunaiita mbichi, na yenye mpasuo uliobanana inatoa kwa ubakhili, tunaiita kavu. Na wino nao hivyo hivyo, kuna unaoteleza na kuna mzito wa kutoka, na huu wa kwangu unajulikana kuwa mkavu. Ukiujua ukweli huo mmoja ushaelewa nusu ya kila nlichokiona: wino mkavu kwenye kalamu mbichi wanasuluhishana, wino mkavu kwenye kalamu kavu wote wanakubania.

Kuosha ndo kazi kubwa kuliko kuandika na watu hawaisemi. Kalamu iliyokuwa na wino mwengine hata ukiona maji yanatoka meupe, pale kwenye ulimi pana kilichobaki. Mie natumia bomba la sindano la famasi bila sindano yake, nasukuma maji kwa nyuma, tone moja la sabuni ya vyombo, halafu maji matupu mpaka tishu nyeupe ikigusa nibu ibaki nyeupe. Maji ya kisima chetu yana chumvi, nchi yetu mawe ya chokaa, kwa hivyo kuoshea natumia ya mvua, masika nakinga ndoo nafunika. Halafu, na hapa ndo panapotaka subira, kalamu inasimamishwa nibu chini ndani ya kikombe chenye tishu ilale usiku mzima. Kukiwa na unyevu wa masika usiku mmoja hautoshi. Ukijaza wakati ulimi bado una maji, ukurasa wa mwanzo wino utatoka mwepesi umepauka na wewe utaandika kwamba wino huu hauna rangi, kumbe umeuzimua mwenyewe.

Nimeanza na ile Pilot. Mstari mwembamba, safi, hautambai hata kwenye daftari la skuli ambalo karatasi yake ndo hizi tunazozijua, lakini rangi ilikuwa ya kijivu-buluu, imekaa mbali, nkajiambia wino gani huu. Nkaacha. Keshoye yale maandishi yalikuwa yamekoza, si meusi lakini yanasomeka, na baada ya wiki yamekaa vizuri zaidi. Mstari mwembamba unabeba wino kidogo na wino kidogo ni chuma kidogo, haiwezi kufika weusi wa nibu nene. Kwenye Safari mambo yakabadilika, buluu ya kwanza ilikuwa imeshiba, na pale herufi inapomalizika, kwenye mkia wa "y" au tumbo la "g", wino unajikusanya na kuwa mzito kuliko mwanzo wa herufi, unaona kivuli ndani ya neno. Hiyo kivuli-mwanga mie naipenda sana, ndo raha yote ya wino, na kwenye Pilot haikuwepo kabisa, mstari mwembamba hauna nafasi ya kuonyesha.

Hero ya babu ndo ilonishangaza. Niliitegemea iwe ya mwisho. Mstari wake mwembamba karibu na wa Pilot, lakini inatoa wino zaidi, rangi imekoza, na kwa vile nibu imefichwa unaweza kuiacha wazi ukasikiliza ugomvi wa watu wawili kuhusu pishi moja, ukirudi kuandika inaanza herufi ya kwanza bila kukwaruza. Safari na zile nyengine nibu zao ziko wazi, ukiziacha na upepo wa kaskazi unapuliza kavu, herufi ya mwanzo inakataa. Nlifanya hilo jaribio kwa makusudi, zote wazi mezani, feni imewashwa, nagusa moja moja karatasi kila baada ya muda. Hero ilizishinda zote.

Ile peni nene ya bapa ilimwaga. Nlitaraji wino mkavu utaituliza na kweli iliituliza, na wino unaoteleza ilikuwa inatia madoa, na huu ikawa inaandika tu kwa wingi, nyeusi ya kupendeza ikishakauka. Tatizo ni hiyo "ikishakauka". Kukauka napima kwa kuandika mstari na kupitisha kidole juu yake baada ya sekunde tano, kumi, kumi na tano, na kuendelea. Hero na Pilot kwenye karatasi ya fotokopi zinakauka kabla hujafikiria kuzigusa. Hii nene, siku ya masika, nkafunga daftari nkidhani tayari, nkafungua ukurasa wa pili umepigwa chapa ya ukurasa wa kwanza kama kioo.

Sasa nije kwa Maalim, mana bila yeye ningebaki kujaribu ovyo ovyo. Maalim anasomesha chuo mtaani kwetu na watu wanamfata kuandikiwa kombe, zafarani na marashi, anaandika kwa utete kwenye sahani nyeupe halafu inaoshwa na mgonjwa anakunywa. Nlimpelekea karatasi zangu na majigambo yangu. Akazipanga sakafuni, akavaa miwani, akaziangalia muda, akaniuliza:

"Mwanangu, weye unajaribu wino au unajaribu kalamu?"

"Vyote viwili Maalim."

"Na karatasi hizi mbona hii ya daftari, hii ya fotokopi, hii ya bahasha?"

"Nlichukua iliyopo karibu Maalim."

"Hee. Basi hapa hujui kilichopauka ni kipi. Kishike kimoja kitulie, chengine ukitikise."

Tangu hapo karatasi moja, maneno mamoja, siku moja, kalamu tu ndo zinabadilika. Halafu kalamu moja, wino mmoja, karatasi ndo zinabadilika. Na kila karatasi pembeni naandika jina la kalamu, nibu, karatasi, na hali ya hewa, hilo la hewa watu wa nchi zenye hewa kavu hawaandiki na wanapokwambia wino fulani unakauka haraka wao wako kwao, karatasi zao zimekauka. Karatasi ya kwetu mwezi wa nne ukiishika inalegea mkononi, nyuzi zake zishakunywa maji ya hewani, wino ukifika unatambaa, pembe za herufi zinaota vinywele. Ukurasa ule ule kiangazi hauna vinywele. Mie nshaona kalamu inasingiziwa, wino unasingiziwa, na kosa ni la masika.

Utete wenyewe tuliujaribu na wino wangu pale pale. Maalim akachovya akaandika bismillah, nusu ya mstari wino umeisha, akachovya tena likadondoka tone. Akacheka. Wino wao wa zamani, ule wa masizi, unatiwa gundi ya mti, ndo inaofanya ushikane na utete na kushuka polepole. Wa kalamu ya wino hauna gundi na haitakiwi uwe nayo, gundi ikikauka kwenye mifereji kalamu imekufa, kwa hivyo mtu asije akachukua wino wa masizi wa kuchovya akajazia kalamu yake ya thamani. Maalim akachukua uzi wa hariri akauviringa akautia kwenye kidau kidogo, akamimina wino wangu juu yake, ule uzi unashika wino na utete unapogusa unabeba kiasi tu. Mstari ukatulia. Na rangi, mashallah, siku ya pili ilikuwa nyeusi iliyosimama kuliko kalamu zote, mana utete unaweka wino mwingi mno.

Lakini kikubwa alichonionyesha ni kuhusu mkono. Nlimwambia Safari inateleza kama kitu gani, akaichukua akaandika Kiarabu, akasema inakwaruza. Nkaandika mie Kiswahili kwa herufi za kirumi, inateleza. Akaandika yeye, inakwaruza, na wino ukawa unakatika kwenye mistari mirefu ya kwenda kushoto. Sababu yake ipo wazi ukishaiona: mwenye kuandika kwa mkono wa kulia kutoka kushoto kwenda kulia anaivuta nibu, na kutoka kulia kwenda kushoto anaisukuma. Nibu inayosukumwa inachomeka kidogo kwenye karatasi, na wino mkavu ndo unaozidisha, hauna utelezi wa kusaidia. Utete wao unakatwa mshazari kufata mwandiko huo. Na kuna la pili, ukiandika kwenda kushoto kwa mkono wa kulia kiganja kinapita juu ya ulichokiandika sasa hivi, kama mwenye mashoto anavyopata tabu kwenye herufi za kirumi, kwa hivyo kukauka haraka kwako si anasa. Maalim mkono wake anauweka chini ya mstari, tabia ya miaka, lakini wanafunzi wake wote wana buluu kwenye ubavu wa kiganja.

Baada ya hapo majaribio yangu yote nkayarudia kwa pande mbili, mstari wa kirumi na mstari wa Kiarabu chini yake, na ndo mpangilio wangu ukapinduka. Ile nene ya bapa niliyokuwa nimeidharau ikawa ndo bora kwa Kiarabu, inamwaga kiasi cha kushinda ule ukavu wa wino, na ubapa wake unatoa nene na nyembamba kama utete. Pilot nyembamba kwa Kiarabu, hapana. Kwa kirumi, hiyo hiyo Pilot, ndo naandikia pembeni mwa vitabu na kusahihishia madaftari. Hero inakwenda pande zote mbili bila kulalamika, ncha yake imeshachakaa kwa mkono wa babu aliyekuwa akiandika herufi zote mbili maisha yake yote, nadhani yeye ndo kaifundisha.

Jaribio la maji nililifanya kwa ajili ya daftari la karafuu. Karatasi moja, wino wangu upande mmoja na buluu ya kufutika upande wa pili, ile wanayotumia watoto wa skuli Ujerumani kwa sababu ina kalamu yake ya kuifutia. Nkasubiri siku nzima ndo nkadondosha maji nkayaacha, halafu nkaisimamisha karatasi yatiririke. Buluu ya kufutika ilibaki doa la samawati, hakuna neno. Ya kwangu buluu ilikimbia ikachafua karatasi lakini neno likabaki, kijivu cheusi, kila tarakimu inasomeka. Ila na hapa kalamu ina lake. Iliyoandikwa kwa Hero na kwa nene ilibaki imara, ya Pilot ilibaki hafifu, unaisoma kwa kuitafuta. Na ukitia maji dakika chache tu baada ya kuandika zote zinaondoka kwa wingi, chuma bado hakijawahi kushika. Kwa hivyo ule ukurasa wa jioni hiyo hiyo bado naufunika na nailoni mvua ikitishia.

Mafuta ya karafuu sikuyategemea kabisa. Mtu katoka kuchambua, anaweka mkono kwenye daftari kuonyesha jina lake, anaondoka. Ukija kuandika pale pale kalamu inaruka, herufi inakatika katikati, unaishika kalamu unaitikisa, unadhani imeziba. Haijaziba. Karatasi imeshika mafuta na wino wa maji haushiki penye mafuta. Sogea mstari mmoja chini inaandika. Siku hizi naweka karatasi ngumu juu ya ukurasa, imekatwa dirisha la mstari mmoja, anayetaka kuonyesha jina lake aonyeshe juu ya ile. Na cha kuchekesha, zamani mafuta haya haya ya karafuu walikuwa wakiyatia kwenye wino usiote ukungu, kwenye chupa yanalinda na kwenye karatasi yanakataa. Usiyatie kwenye chupa yako lakini, wino wa sasa umeshatiwa dawa yake kiwandani. Ila ukungu huku kwetu upo, chupa ikikaa wazi kwenye unyevu. Ukifungua ukaona utando juu au nyuzi nyuzi zinaelea, au harufu imebadilika, mwaga, usiseme ntachuja. Kalamu ikishapata ukungu inauhamishia kila chupa utakayoichovya.

Jua nalo. Nlikata ukurasa, nusu nkaufunika na jalada la daftari nkauegemeza dirishani panapopigwa na jua la asubuhi, nkauacha wiki kadhaa. Buluu ya kufutika ilikaribia kutoweka kule wazi. Buluu-nyeusi ilipoteza ubuluu, ikabaki kijivu, maneno yote yapo.

Hasara zake sitaki kuzificha. Wino wa chuma una asidi, na ukikaukia ndani ya kalamu unaacha mchanga mchanga ambao maji matupu yanahangaika nao. Kalamu nisiyoitumia siiachi nao, naosha. Ikishakuwa ngumu nazimua siki kidogo kwenye maji, napitisha, halafu maji mengi ya mvua, na sitii jiki wala amonia. Nibu za chuma za bei rahisi zinaweza kuliwa ukiziachia wino huo miezi. Na chupa ikifunguliwa funguliwa hewa inaingia, chuma kinaanza kugeuka humo humo chupani na kuzama chini, kwa hivyo kwa wino huu chupa ndogo ni bora kuliko kubwa, na mie natoa kwa bomba kiasi ninachojaza, chupa nafunga.

Na nguo! Mpwa wangu aliazima ile peni nene siku ya Ijumaa, akaitia mfuko wa kanzu, imebaki wino kidogo ndani. Kalamu yenye wino kidogo ina hewa nyingi, hewa ikipata joto la mwili na jua inatanuka inausukuma wino nje, ukijaza kalamu pomoni au ukaiweka nibu juu haileti hayo. Akarudi na duara la buluu kifuani ukubwa wa kisahani. "Mjomba, imetapika." Akakimbilia jiki, mama akamkemea kutoka jikoni, "Usitie jiki we! Lete ndimu na chumvi." Na mama alikuwa na haki, jiki inaondoa buluu lakini chuma inakigeuza kutu, doa la kahawia lisilotoka tena. Ndimu na chumvi, ikaanikwa, ikarudiwa, mpaka pakabaki kivuli ambacho ukiwa umesimama msikitini hakuna anayekiona.

Kwa hivyo mgao ulivyo hivi sasa: Hero ndo ya daftari la karafuu na wino huu wa chuma haitoki humo msimu mzima, inaandika kila siku haipati muda wa kukauka. Pilot ya skuli, lakini nimeitoa buluu-nyeusi nkaitia wino mwengine unaoteleza zaidi, rangi imefunguka papo hapo. Safari ya barua na mambo yangu. Ile nene nimempa Maalim anaandikia khutba, amekataa kuirudisha na mie sijamuuliza tena. Binamu ananiambia safari ijayo anakuja na chupa nyekundu, nshamwambia alete ndogo, na akiweza alete na karatasi, mana nyekundu sijui itafanyaje kwenye hizi zetu ikiingia masika. Mwenye kalamu hapa Wete au Chake anayetaka kujaribu hii buluu-nyeusi kabla ya kuagiza chupa nzima aje na bomba lake, na kalamu aje nayo imeshaoshwa na imekauka.